Gemu ya Madaraja: jinsi mimi na mjomba tulivyoizuia mashine isivuke Songwe

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara, visiwani na mlioko nje.

Juzi kijana mmoja alifungua uzi humu akiomba atajiwe gemu ngumu, zile za kumtoa mtu jasho. Nikasoma majibu yote. Watu wamemwaga majina, kila mmoja anasema yake ndiyo kiboko, lakini sikuona aliyemwambia ugumu wa gemu unageukaje kuwa utamu. Maana ipo gemu ngumu inayokera, na ipo gemu ngumu inayokufanya usahau kula.

Nikaanza kumjibu pale pale. Jibu likarefuka, nikaona nisimharibie kijana wa watu uzi wake. Huu ni wangu.

Sitaongeza chumvi. Shahidi wa mambo haya ni memba humu. Haandiki kamwe, anasoma tu kimya kimya. Nikidanganya mahali, leo ndiyo siku atakayoandika.

Kwanza mnijue kidogo.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, na ada haikuwa shida. Nilikuwa nataka kuona vitu, na darasani vitu vilikuwa vinachorwa tu ubaoni. Nikaenda Mwaya kukaa na wavuvi, nikachoka. Nikaenda Ngana kuvuna kokoa, nikachoka. Nikasogea Kasumulu, mpakani, kubeba mizigo ya wafanyabiashara wanaovuka Mto Songwe kwenda na kurudi Malawi. Hapo nilidumu, kwa sababu kila mzigo ulikuwa na kitu kipya ndani yake.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Waliokuwepo mnakumbuka. Miaka michache nyuma sabuni tulipanga foleni, halafu ghafla maduka yakajaa mitumba, redio kaseti, saa za kung'aa na vitu ambavyo hata muuzaji hajui vinatumikaje.

Siku moja nikabebeshwa boksi na Mama Tusekile, mama mmoja mfanyabiashara wa Kyela mjini. Akaniambia, "Hilo usilitikise. Ukilidondosha, rudi nalo Malawi ukakae huko huko."

Ndani kulikuwa na mashine ya gemu. Ya kuchomeka kaseti juu, pedi mbili zenye waya mfupi. Kaseti yenyewe ilikuwa moja tu.

Niseme hapa jambo ambalo uzi mzima unalishikilia. Ile mashine haikuwa ya Mama Tusekile peke yake. Alichanga na kaka yake, Bambo Wyson, aliyeoa Karonga na kuhamia huko. Mnajua watu wa kwetu, mpaka ni wa serikali, ndugu wako pande zote mbili. Wakakubaliana mashine itafuata mazao. Watu wa Kyela wakiuza mpunga, inakaa Kyela. Watu wa Karonga wakiuza pamba, inavuka inakaa Karonga.

Mama Tusekile akajenga kibanda nyuma ya soko. Kuta za mianzi, paa la bati, benchi moja mbele ya TV ndogo ya chogo, nyeusi na nyeupe. Binti yake Tusekile, tuliyelingana umri, ndiye aliyekuwa anasimamia zamu za wachezaji. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko gemu yenyewe.

Mimi nikaacha kubeba mizigo. Kwa mara ya kwanza maishani nikakaa sehemu moja.

Gemu yenyewe jina lake la kwenye kaseti hatukuweza kulisoma, maandishi yake hayakuwa ya kwetu wala ya Kiingereza. Tukaiita Madaraja. Wanaume wawili, mmoja mweupe mmoja wa kijivu, wanakimbia porini na kila steji inaishia kwenye daraja. Wanacheza watu wawili kwa pamoja. Kila mmoja ana roho tatu. Zikiisha, umekwisha.

Vijana wa sasa sikilizeni hapa. Hakukuwa na kusevu. Ukifa daraja la mwisho, unaanza upya daraja la kwanza, na watu wote waliokaa nyuma yako wameona ulivyokufa.

Huo ndio utamu wa kwanza ninaoutaja. Roho ya mwisho ilikuwa na uzito. Jasho linaingia machoni, hujifuti. Siku hizi mtu anasevu kila anapovuka mlango, halafu anauliza kwa nini gemu haimsisimui.

Kabla sijaendelea, mdau mmoja keshauliza hapo chini umeme tuliupata wapi. Mkuu, umeme wa mjini ulikuwepo, lakini ulikuwa unakuja kama mgeni, haupigi hodi wala hauagi. Tulitumia betri ya gari. Kazi yangu ikawa kuipeleka betri Ipyana kuchajiwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kuirudisha.

Mashine hiyo ya kukoboa alikuwa anaiendesha mjomba wangu, Mjomba Ambakisye, kaka mkubwa wa mama. Ndipo nilipokuwa nalala, kwake. Ni mtu mkubwa wa mwili, nyusi zake saa zote nyeupe kwa pumba, na ana heshima yake pale Ipyana. Ukitembea naye unatembea nyuma. Hakuna aliyekufundisha hilo, unajikuta tu uko nyuma.

Siku moja aliifuata betri mwenyewe mpaka kibandani. Akasimama mlangoni, akaziba mwanga wote.

"Ugonile," akasalimia. Halafu, "Nimekuja kumwona huyo mnyama anayekula betri yangu."

Tusekile akamjibu, "Karibu baba. Huyo hapo, na anakula watu pia."

Akakaa. Akapewa pedi ya kwanza, maana pale kibandani ilikuwa desturi mkubwa ashike pedi ya kwanza na mdogo ya pili. Mimi nikashika ya pili.

Wakuu, nilikufa kifo cha ajabu.

Steji ya pili ni kupanda jabali. Mnapanda, na kioo kinapanda na aliye juu. Atakayebaki chini kioo kinamwacha, anakufa. Sasa mimi mbele ya mjomba ningetanguliaje? Nikasimama chini kwa adabu nikimpisha. Mjomba akapanda. Kioo kikapanda naye. Mimi nikapotea.

"Unafanya nini huko chini?" akauliza.

"Nakusubiri utangulie, mjomba."

"Nimeshatangulia. Mbona hufuati?"

"Nimeshakufa."

Kibanda kizima kilicheka mpaka mianzi ikatikisika. Tusekile akakipa kifo hicho jina. Tangu siku hiyo, mdogo yeyote akiachwa chini na mkubwa wake, anatangaza, "Huyu kafa kwa adabu. Anayefuata."

Na msidhani ilikuwa mimi peke yangu. Kila jozi ilikuwa na wa mbele na wa nyuma. Watu wa nchi nyingine sidhani kama walikuwa wanafia pale, lakini sisi tulilijaza lile jabali maiti za watu wenye heshima zao.

Siku moja nilijaribu kumpita. Mjomba akaweka pedi chini, akajipangusa pumba polepole, akanigeukia. "Gwe, hata kwenye televisheni unanipita bila kuaga?"

Sikurudia.

Nikuchekesheni na jingine. Steji ya tano mnapita ziwani, na mbele yenu unapanda mnara mweusi kama moshi kutoka majini. Waliozaliwa kandokando ya Ziwa Nyasa mnajua nimeona nini. Nkungu, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama wingu, ambao kwetu tunawanasa kwa vikapu na kuwakanda kuwa mikate. Mvuvi mmoja wa Mwaya alipouona mnara ule alisema, "Mboga hiyo," akamkimbiza mtu wake ndani moja kwa moja. Ulikuwa moto. Akakaa ameduwaa, pedi mkononi, kama mtu aliyedanganywa na ndugu yake.

Hapo ndipo penye utamu wa pili. Gemu nzuri ngumu inakukamata kwa kile unachokijua. Hatari usiyoijua unakuwa nayo makini. Inayokuua ni ile unayodhani umeshaielewa.

Na inakuua kwa haki. Jiwe la steji ya tatu linaanguka pale pale jana, leo na kesho. Lenyewe halibadiliki hata kidogo, ni juu yako wewe kubadilika. Ukifa unajua kwa nini, na unaomba zamu nyingine kwa sababu unajua. Gemu inayokuua ovyo ovyo bila sababu, kijana, iache. Hiyo si ngumu, ni mbaya tu.

Turudi kwa mjomba.

Alikuwa mzito wa kukimbia, lakini kulikuwa na steji ya nne iliyomtesa kila mtu isipokuwa yeye. Magogo yanaelea mtoni, yanazama na kuibuka, unaruka kutoka moja hadi jingine. Sisi tulikuwa tunayatazama magogo. Mjomba alikuwa anafumba jicho moja na kusikiliza. Muziki wa steji ile una kipigo kizito kinachorudi, na gogo linaibuka kwenye kipigo. Mtu aliyeishi na mkanda wa mashine ya kukoboa miaka yote ile anasikia mdundo kama wewe unavyoona rangi.

Nilipokaa naye sana, na mimi nikaushika. Nikawa naugonga mezani, naugonga kwenye sahani, natembea nao njiani. Mjomba akanifokea niache, lakini nilimwona na yeye akiugonga kwenye gunia.

Basi tukawa jozi pekee ya Kyela inayofika steji ya mwisho. Na hapo ndipo tulikuwa tunakwama.

Steji ya mwisho ni daraja la mbao juu ya bonde. Wa kwanza akikanyaga ubao, akiuacha tu, unaanguka. Wa pili akija anakuta hewa. Akianguka anarudishwa mwanzo wa daraja, na mbao hazipo tena. Ng'ambo kuna geti lenye minyororo miwili, inayotakiwa kuvutwa na watu wawili kwa mara moja. Kwa hiyo mjomba alikuwa anavuka, anasimama kwenye geti, anavuta mnyororo wake, geti halifunguki, huku mimi nimebaki mwanzo wa daraja namwangalia.

Tulisema mimi ndiye mzito. Ongeza mwendo, ongeza mwendo. Nikaongeza. Nikawa naangukia ubao wa mbele kidogo tu.

Sasa ndipo habari ikaja.

Mpunga ulikuwa umeisha kuuzwa, Bambo Wyson akavuka kuja kuchukua mashine kama kawaida. Akakaa kwa dada yake, akala kande, halafu akasema safari hii ikienda hairudi. Kwamba vijana wa Karonga wanaicheza sana, na kwamba ninyi wa Kyela mnaichezea tu. Wanawe wawili, mkubwa na mdogo, walikuwa wamefika daraja la mwisho.

Mama Tusekile akacheka kwa hasira. "Achimwene, kaka yangu, umekuja kula kwangu halafu unanitukania watoto? Hata huku daraja la mwisho wanafika."

"Kufika si kuvuka, dada."

"Basi waje wakae hapa kwenye benchi."

Wakakubaliana hivi, mbele ya watu. Jumamosi mchana jozi ya Karonga icheze, jozi ya Kyela icheze. Watakaomaliza gemu, mashine inabaki kwao moja kwa moja. Jozi zote mbili zikishindwa, inaenda Karonga, kwa sababu zamu ni ya Karonga.

Mnaona ilivyokaa. Wao sare iliwatosha. Sisi ilikuwa tuvuke au tuipungie mkono mashine ikivuka Songwe.

Kwa Mama Tusekile kilikuwa kibanda chake. Kwangu mimi mashine ndicho kilikuwa kitu pekee duniani kilichowahi kunikalisha mahali. Nilijua mashine ikiondoka na mimi nitaondoka, na safari hii nilikuwa sitaki.

Jumamosi hiyo kibanda kilijaa. Watu wamekaa chini, wamesimama, wengine wanachungulia kati ya mianzi. Wavuvi wamekuja na harufu yao, wafanyabiashara wa mpakani wamefunga biashara. Kulikuwa na akina mama Wakisi waliotoka kuuza vyungu sokoni, wakageuza mitungi yao na kuikalia kama viti.

Karonga wakaanza. Wakuu, niwape haki yao, wale vijana walikuwa wazuri. Kaka mbele, mdogo nyuma, hawakosei. Jabali walipanda wakiitana, "Nimepanda, njoo," "Nimefika, njoo." Magogo waliyakimbia haraka haraka kabla hayajazama. Wakafika daraja la mwisho na roho mkononi.

Kaka akavuka. Mdogo akafuata, ubao wa tatu akakuta hewa.

Kaka akasimama getini anavuta mnyororo peke yake. Akavuta, akavuta. Nilimjua yule mtu mweupe kwenye kioo. Alikuwa mjomba wangu kabisa.

Bambo Wyson akapiga makofi hata hivyo. "Haya, Kyela. Mkiangukia pale pale, mtatusaidia kubeba boksi."

Tukakaa kwenye benchi. Tusekile akanisogelea sikioni, "Leo usife kwa adabu."

Steji ya kwanza safi. Jabali, mjomba akawa anapanda polepole kusudi nisiachwe, tukatoka salama. Ya tatu safi. Kisha, tunaingia kwenye magogo, mvua ikashuka.

Mvua ya Kyela mnaijua. Haianzi na manyunyu. Inamwagwa. Juu ya bati ilikuwa kama mchanga unapakuliwa kutoka kwenye lori, na TV yetu ile spika yake ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai.

Nikamwona mjomba anafumba jicho lake moja. Halafu analifumbua. Anaruka, anaanguka. Roho moja. Anaruka tena, anaanguka. Roho ya pili, na mimi nyuma yake nimepoteza zangu mbili vile vile.

Nyuma watu wanaguna. Bambo Wyson alikuwa ameshaanza kulisogeza boksi kwa mguu.

Mjomba akaniinamia sikioni. Uso wake sikuwahi kuuona vile, ulikuwa wa mtu aliyepotea kwenye nyumba yake mwenyewe. "Sisikii," akasema. "Sisikii kitu."

"Hata mimi sisikii, mjomba. Lakini naujua."

"Unaujua?"

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi moja, magoti yamegusana. Nikaanza kumgonga. Goti langu kwenye goti lake, ule mdundo, kipigo kizito kwa nguvu, vidogo polepole. Jambo ambalo siku nyingine ningelifanya ningepigwa kofi.

Kisha nikasikia goti lake linajibu.

"Haya, gonga," akasema. "Goti lako ndiyo spika leo."

Tukaruka. Gogo la kwanza, la pili, la tatu. Kila kipigo kizito, wote wawili hewani. Tukatua ng'ambo bila kulowa.

Hatukuacha kugonga. Mdundo ulitukaa. Ziwani, motoni, porini, goti kwa goti. Sikuwa natazama mjomba yuko wapi, nilikuwa nasikia tu kwenye mfupa. Mpaka Tusekile akapaza sauti juu ya mvua, "Leo mnaenda kama gwaride. Nani mkubwa hapo?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilitazama kioo na nikaona anachokisema. Yule mweupe na yule wa kijivu walikuwa wamekaa juu ya mstari mmoja. Hakuna wa mbele. Hakuna wa nyuma. Tangu magogoni tulikuwa tunakwenda sambamba, na hatukuwahi kwenda hivyo hata siku moja.

Nikaliona lile daraja lote kichwani kabla hatujafika. Ubao unaanguka ukiachwa. Ukikanyagwa na wawili kwa mara moja, ukaachwa na wawili kwa mara moja, hakuna atakayekuta hewa. Haikuwa habari ya mwendo hata kidogo. Miezi yote ile tulikuwa tunauliza wa pili akimbieje, wakati daraja halikutaka kuwe na wa pili.

Tukafika. Mjomba ana roho moja, mimi nina moja.

Akasogeza mtu wake mbele, kama kawaida, kukanyaga wa kwanza. Nikamwinamia. Nilimwambia mjomba wangu maneno ambayo kwetu mdogo hamwambii mkubwa.

"Mjomba, usitangulie."

Akanitazama. Pumba kwenye nyusi, mvua inanguruma juu yetu.

"Utangulie wewe?"

"Na mimi sitangulii."

Alichukua muda wake. Bambo Wyson anasema, "Vipi, wamelala?" Mama Tusekile anamwambia nyamaza. Mjomba akarudisha mtu wake nyuma hatua moja, akamweka ubavuni kwa wangu. Akasogeza goti lake likakaza langu.

"Gonga."

Nikagonga. Tukakanyaga. Nikagonga, tukaruka, ubao ukaanguka nyuma yetu ukiwa mtupu. Nikagonga. Mwingine ukaanguka mtupu. Kila ubao ulioanguka watu nyuma walikuwa wanasema "eeh," taratibu, kama wanaohesabu magunia yanayopakiwa. Katikati ya daraja nikakosa kipigo kimoja. Goti la mjomba likakigonga mahali pangu. Hatukusimama.

Tukakanyaga ng'ambo.

Getini tukashika minyororo. Nilitaka kugonga, akaniwahi yeye. Kipigo kimoja kizito mpaka benchi likalia. Tukavuta.

Geti likafunguka.

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuona kilichoko nyuma ya lile geti. Ni kilima tu, na wale watu wawili wamekaa juu yake wanatazama mto kwa mbali, na maandishi tusiyoyajua yanapanda. Basi. Lakini kibanda kile kilipasuka. Mama mmoja Mkisi alisimama juu ya mtungi wake akipiga vigelegele, mtungi ukavunjika, akaendelea. Mvuvi wa Mwaya alinibeba. Mama Tusekile alimkumbatia mjomba akatoka na pumba kifuani. Alikuwa anasema tu, "Ndaga fijo, ndaga fijo," asante sana, asante sana, kwa kila aliyemkaribia, hata kwa wale waliokuja kuchungulia tu.

Bambo Wyson akatikisa kichwa, akaanza kucheka. "Dada, watu wako wamenifunga kwa magoti."

"Ulisema kufika si kuvuka. Haya, wamevuka."

Alikuwa mtu wa neno lake. Boksi aliliacha pale pale lilipokuwa. Na kwa vile mvua haikumruhusu mtu kutoka, wanawe wakaomba zamu nyingine. Mjomba mwenyewe akawakalisha, akawasogeza magoti yagusane kama anayepanga magunia. "Mdogo ndiye agonge," akaamuru. "Mkubwa asikilize." Yule kaka alimtazama babaye. Baba akasema, "Si umesikia?" Wakavuka nao, na makelele yalikuwa yale yale.

Sasa, kijana uliyeomba gemu ngumu, nakupendekezea hivi.

Tafuta gemu ya zamani isiyosevu, uimalize mara moja tu kihalali. Usifungue video za mtu anayeonyesha njia, utakuwa umekula chakula kilichotafunwa. Zile za vitofali vinavyoanguka unavyovipanga, usizidharau, zitakufundisha utulivu kuliko hizi za bunduki. Za siku hizi zenye majoka makubwa yanayokuua mara mia, ni nzuri, mimi mwenyewe bado nazicheza na mvi zangu, ila kila ukifa jiulize nilidhani nini. Jibu liko hapo, kwenye ulichodhani.

Na kama unaweza, chagua ya pedi mbili, benchi moja. Online ni sawa, lakini mtu wa online huwezi kumgonga goti.

Mimi nilichojifunza ni kwamba jambo likinishinda muda mrefu, mara nyingi nguvu ninazo, ila nimesimama mahali nisipopaswa kusimama. Nimezunguka sana tangu siku ile, kazi nyingi, miji mingi, na kila nilipokwama nimejiuliza kwanza nimesimama wapi.

Jioni ile mvua ilipokata, mimi na mjomba tulirudi Ipyana kwa miguu. Njia ni matope matupu, mabua ya mpunga yamelala pande zote mbili. Yeye mbele, mimi nyuma na betri begani, kama siku zote.

Akasimama bila kugeuka.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Nakuja, mjomba."

"Njoo hapa pembeni. Utakufa kwa adabu bure."

Tukaenda sambamba mpaka nyumbani.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Taja gemu yako ngumu, lakini usitaje jina tu, tuambie ulikuwa unafia wapi na ulivukaje.

Na wewe Tusekile, najua umesoma mpaka hapa. Kama kuna neno nimeongeza, andika.